Hotuba Yangu kwa Watani wa Mbezi

Siku hizo Mbezi iliitwa mji na watu wawili tu: serikali, kwenye ramani yake, na Mwarabu mwenye duka, ambaye duka lake ndilo lililokuwa huo mji. Nilishushwa pale saa nne asubuhi na lori lililokuwa linakwenda kuchukua mkaa. Nilivaa suti ya sufu na tai, katika joto la kuivisha muhogo ukiwa bado ardhini. Nikatazama huku na huku nikiutafuta mji. Niliona duka, banda la seremala aliyelala juu ya meza yake, na mbuzi katikati ya barabara ya Morogoro, ambaye hakuona sababu ya kumpisha mtu.

Nilikuwa karani, na karani wa miaka ile angevaa tai hata kwenda kuchimba choo. Nilikuja kuhani msiba. Tarishi wa ofisi yetu, Mzaramo wa huko, niliyefanya naye kazi miaka tisa, alikufa kwa homa ya ghafla akazikwa kwao. Wenzangu walinichagua niwawakilishe kwa kuwa eti nina Kiswahili kizuri cha maandishi. Sikubisha, maana nilikuwa na maoni hayo hayo. Niliandika hotuba ya kurasa tatu, kila mstari na "marehemu" wake.

Mwenye duka alinielekeza njia kwa kidevu, ili asisumbue mkono. Nilitembea nusu saa kati ya mihogo na mikorosho bila kukutana na mtu, nikisikiliza viatu vyangu vikilia. Nyumba ya msiba niliikuta imejaa watu mikekani, siku ya tatu ya matanga. Nilipotoa pole, mjomba wa marehemu akaniuliza kwetu ni wapi.

"Tabora," nikasema. "Mimi ni Mnyamwezi."

Ungedhani nimesema mimi ni Gavana. Watu waliinuka. "Mtani! Mtani wetu kaja!"

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akifika msibani ana kazi yake. Humtukana marehemu, huvaa nguo zake, humwigiza anavyotembea na anavyosema, mpaka wafiwa wacheke. Hakuna mlango anaozuiliwa. Haya yote niliyajua, kama mtu anavyojua kwamba babu yake alitembea peku. Misheni waliponisomesha waliniambia ni ushenzi, nami nikaamini kuliko walimu wenyewe.

Kwa hiyo nikakohoa, nikafunua karatasi zangu, nikasoma. Nilisoma zote tatu. Mtoto mchanga alilia, na huyo peke yake ndiye niliyemgusa moyo. Nilipomaliza, bibi mmoja akasema "Amina", nadhani kwa kushukuru kwamba imekwisha.

Shangazi wa marehemu akanishika mkono akanivuta nyuma ya nyumba.

"Mtani, una wazimu?"

"Nimesoma rambirambi za ofisi, mama."

"Ofisi ndiyo imefiwa? Mama mtu siku ya tatu leo hajatia kitu mdomoni. Mwana wa pekee yule! Halii, hasemi, sie tumembembeleza tumechoka. Akisikia hatua za mtu anauliza neno moja tu: mtani kaja? Sasa umekuja, unatusomea barua!"

"Mama, mie nimesoma misheni. Mambo hayo..."

"Haya. Basi kaa hapa hapa, uje umsomee na yeye tukimzika."

Nilikasirika sana. Kisha nikachungulia mlangoni nikamwona huyo mama. Alikaa chini amenyoosha miguu, kaniki imempwaya, mbele yake bakuli la uji lililoshika utando. Hakugeuka kutazama nani kaja. Hapo niliogopa. Niliona mtu anakufa mbele yangu, nami nimemletea karatasi.

Kofia nyekundu ya utarishi ilining'inia ukutani. Nikaivaa. Nikasimama mbele yake kama mwanawe alivyokuwa akisimama mbele ya Bwana Mkubwa wa ofisi yetu, kifua mbele, mguu mmoja ukiukuna mwingine kwa nyuma.

"Ndiyo, Bwana! Barua nimepeleka, Bwana!" nikasema kwa sauti yake ya puani. "Ila nilipitia kahawa kwanza."

Nikaendelea. Nikamwambia mwanawe alikuwa mvivu, mroho, mwizi wa sukari ya ofisi, na kwamba malaika walipomjia kaburini na maswali yao, bila shaka aliwaambia warudi kesho, karani hayupo. Huko nje watu wakaangua kicheko. Mama akaziba mdomo kwa upande wa nguo yake, mabega yakatikisika.

"Mwongo," akasema. "Hakuwa mroho."

Nikajiona hodari, karani anayeweza hata ushenzi akiamua.

"Sasa ingia kama anavyoingia nyumbani," akasema.

Nikatoka nje, nikageuka, nikasimama kizingitini. Sikujua. Miaka tisa alinialika kila Idi, na kila Idi nilikuwa na udhuru: mbali, mbu, nina kazi. Anavyoingia kwa Bwana nilimjua hadi kukohoa kwake. Anavyoingia kwa mama yake sikuwahi kuona. Nilishikwa na aibu ambayo sijaisahau.

"Sijui, mama," nikasema. "Sikuwahi kuja."

Akajikongoja akainuka. Akanivua kofia, akaivaa mwenyewe, akanipita akatoka. Nikaingia ndani kumpisha. Kisha tukasikia hodi, kwa sauti nzito isiyokuwa yake, akaingia akiburuza miguu kama mtu aliyetoka mjini kwa miguu, akaitupa kofia kitandani.

"Mama," akasema, "nina njaa. Umeniwekea nini?"

Shangazi akamsogezea bakuli. Akakaa, akauchota uji kwa vidole, utando na yote, akala mpaka ukaisha.