Redio Iliyojifunza Kulia

Mimi ni mwoga, na kazi yangu hainisaidii. Natengeneza simu na redio kwenye kibanda pale Mikumi, kando ya barabara kuu, na kila kifaa ninachokifungua nakiona kikifia mikononi mwangu. Baba alizoea kunicheka kwa hilo, nami nikimjibu kwa methali ileile: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Yeye huja kutoka Kilosa kila mahindi yanapoanza kubeba, alinde shamba letu lililopakana na hifadhi. Tembo hawana habari na mipaka.

Walinzi wa mashamba yale wana redio za upepo za mkononi, nyingi kuukuu, na wana desturi moja wasiyoivunja. Tembo akiwa karibu, hakuna kusema. Unabonyeza kitufe cha kuongelea mara mbili, basi. Wenzako wanasikia mkwaruzo mara mbili, wanajua una mnyama mbele yako, na hakuna atakayekuita mpaka useme mwenyewe.

Mwaka huu walibadilishiwa masafa, ikabidi redio zipangwe upya kwa kompyuta. Ya baba ilikuwa ya zamani kuliko zote. Waya wangu wa kuprogramu haukuingia. Nikakata mkia wa maiki mbovu ya redio ya aina ile, nikatafuta kwa mita waya upi unapeleka na upi unapokea, nikauunga kwenye waya wa USB. Umeme wa kompyuta ukiizidi redio ile, inaungua. Umeme wa Mikumi ukikatika katikati ya kazi, inabaki tofali, haiwaki tena.

"Mkono unatetemeka," baba alisema kutoka kwenye benchi.

"Ni baridi, baba."

"Baridi ya mchana huu?"

Mipangilio iliyokuwemo ndani ya redio ilisomeka imeharibika, kwa hiyo nilifungua ukurasa mpya kwenye programu nikaingiza masafa upya. Ikakubali. Tukajaribu kwa redio nyingine iliyokuwa mezani, tukasikilizana vizuri, baba akapanda bodaboda akaenda zake shambani. Nilishukuru Mungu, nikaanza kufagia vipande vya waya.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipotupa jicho kwenye skrini. Chini kabisa, mahali pa mlio wa vitufe, palikuwa na alama ya ndiyo. Ukurasa mpya huja hivyo wenyewe. Kabla ya leo redio ya baba haikuwahi kutoa mlio, na tulipojaribu nilidhani inayolia ni ile ya mezani. Sasa kila atakapobonyeza italia, tena kwa nguvu, hata kama sauti ameipunguza mpaka mwisho. Nikauacha ufagio, nikampigia.

Simu yake haikupatikana. Kule shambani mtandao hakuna. Nikampigia dereva wa bodaboda, akasema ameshamshusha na yuko njiani kurudi. Nikaichukua redio ya mezani nimwonye, kidole kikaishia juu ya kitufe. Je, kama tembo yuko karibu naye, na sauti yangu ikatokea katikati ya mahindi? Nikaiweka. Nikaichukua tena.

Ndipo ikakwaruza. Mara moja, halafu mara ya pili.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Kule alikokuwa, redio ilikuwa imelia mara mbili mkononi mwa baba, mbele ya tembo, nami ndiye niliyeipanga. Malori ya miwa yalipita barabarani, mteja mmoja akaja kuuliza chaja, nikampungia mkono aende.

"Mwanangu," redio ikasema. "Upo?"

Tangu nilipojua kusema, baba hakuwahi kunianza kwa neno. Mdogo huamkia kwanza, na yeye hafungui mdomo kwa jambo lingine mpaka awe ameitikia. Hata kwenye simu ilikuwa hivyo.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia.

"Ameondoka," alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa hapa. Redio ikalia, akageuza masikio, akanisogelea. Njoo unichukue. Miguu imekataa."

Dereva yuleyule alinipeleka, na njia nzima nilimsihi aongeze mwendo. Nilimkuta baba ameketi kati ya mahindi yaliyolala, redio iko mkono mmoja na betri yake, aliyoichomoa isilie tena, mkono mwingine. Nyayo za tembo ziliishia karibu kabisa na viatu vyake. Nilipiga magoti nikamwamkia tena.

"Marahaba," alisema.

Nilimshika mkono ili nimwinue. Ulikuwa unatetemeka kuliko wangu, naye akaona kwamba nimeona.

"Baridi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, jioni hii kuna baridi.