Daktari Aliyekataa Kuning'oa Meno

Miaka ya mwanzo ya uhuru, nilipohama kisiwa cha Nosy Be na kuja kuuza vitambaa mjini Mahajanga, meno yangu ya mbele yalianza kuuma kila nikinywa chai. Mke wangu akasema, "Kayang'oe, tupumzike." Nikaenda kwa daktari wa meno pale mtaa wa Tsaramandroso, nimejiandaa kupatana bei.

"Ukiyang'oa manne," nilimwambia kwa Kimalagasi, "la tano si utaning'olea bure?"

Hakucheka. Aliyatazama meno kwa kioo kidogo, upande wa ndani, akauliza, "Kiungulia huwa kinakupanda hadi kooni?"

"Kila nikilala. Lakini daktari, nimeleta meno. Tumbo sikulileta sokoni."

"Tumbo ndilo linaloyala. Asidi yake hupanda ukilala, ikayamomonyoa kwa nyuma. Jioni unakula nini?"

Nikataja wali, samaki na achari ya maembe, kisha kitanda. Kutuliza kiungulia, nikaongeza kwa fahari, hunywa maji ya ndimu, halafu nasugua meno kwa nguvu.

Akashika kichwa. "Asidi juu ya asidi, kisha unasugua! Sing'oi hata moja. Kula mapema, acha ndimu, kiungulia kikipanda suuza kwa maji tu, na umwone daktari wa tumbo."

"Na achari? Kijiko kimoja?"

"Hapana."

"Nusu?"

"Bwana, chagua: achari au meno."

Njiani niliyahesabu kwa ulimi mara mbili: ishirini na tisa. Nyumbani nikamtangazia mke wangu kwamba daktari alitaka kung'oa manne, nami nikambana mpaka akashuka hadi sifuri.