Jina Lililogoma Kufutika Buguruni

Saa mbili asubuhi, Naima Mwishehe anavua viatu mlangoni kama anayeingia msikitini. Ndani, kompyuta inamsubiri chini ya kitambaa cha kudarizi, imetulia kama bibi harusi. Katika duka hili la vifaa vya ujenzi, Buguruni, hakuna mwingine anayepewa heshima hiyo, hata mwenye duka, Mzee Zahor, ambaye vumbi la saruji humfuata mpaka kwenye kikombe cha chai.

Kazi ya Naima ni kuingiza majina ya wateja na mizigo yao, na kuwafuta waliokwisha kuondoka. Kuingiza ni rahisi. Kufuta ndiko kunakomzeesha.

"Zamani nilikuwaga na taipureta na kifutio cha mpira," anasema mkazi huyu wa Kipawa, aliyekuwa mpiga chapa wa shirika la umma hadi lilipofungwa mwaka 1992. "Ukifuta, makombo yanakujaa mapajani, na karatasi inabaki na kovu. Mtu anajua hapa palikuwa na kitu."

Anaitazama kompyuta. "Hii ikifuta, hakuna kovu."

Mwezi uliopita ilikataa kufuta. Mzee Zahor alitaka jina la Marijani, mteja wake aliyefariki mwaka jana, litolewe. Kila lilipotokea kwenye skrini alisoma dua, na kazi ikasimama. Naima akabonyeza. Kompyuta ikajibu kwa Kiingereza kikavu kwamba haiwezekani. Akaizima, akaiwasha. Akaipangusa. Marijani akabaki.

Mzee Zahor alitangaza mbele ya wapagazi kwamba ikigoma hadi Ijumaa, mashine anaiuza, na Naima anarudi kaunta kupima misumari kwa nusu mshahara. Kwa mama wa watoto wawili anayelipwa shilingi elfu arobaini, tangazo hilo halikuchekesha.

Akampigia simu Gozbert, fundi wa mjini aliyewauzia programu. Gozbert alieleza kwamba jina halifutiki likiwa na kitu kinachoning'inia chini yake. Afute mzigo kwanza, jina litafuata lenyewe.

"Nikamuuliza, mzigo gani? Akasema, sista, wewe futa tu."

Hakufuta. Alifungua ukurasa wa mizigo, akakuta mabati ya amana. Wateja wengi hapa hujenga kidogo kidogo: hununua na kuacha vitu dukani mpaka kuta zipande. Naima akavaa viatu, akaenda stoo. Nyuma ya saruji mabati yalikuwepo, yameandikwa kwa chaki: Marijani, Madale.

Mzee Zahor aliitwa, akaisoma chaki hiyo. Kisha akaagiza gari liyapeleke Madale, kwa mjane wa Marijani.

Mjane huyo, Bi Somoe, hakuwa na habari na mabati hayo. Kesho yake alikuja dukani na sahani ya vitumbua, akaomba aonyeshwe hilo jina lililokataa kutoka. Naima akamweleza kwamba sasa litafutika, maana mzigo umeondoka.

"Usimfute, mwanangu. Badilisha tu, andika Somoe," alisema. "Nyumba bado haina milango."

Mashine haikuuzwa. Mzee Zahor naye sasa huvua viatu.

Siku hizi jina likigoma, Naima huenda stoo kwanza. Jina lake mwenyewe limo humo kwenye kompyuta, na chini yake fremu mbili za milango, akiba ya kiwanja chake cha Kipawa.

"Siku mkiona nimejifuta," anasema, akiifunika mashine kitambaa chake, "mjue nimehamia kwangu."