Kopo zuri lililofanya samli ya mama ionekane dawa ya kupe

Wakuu, salama humu ndani?

Mimi ni msomaji wa kimya, miaka yote napita tu na kucheka na nyuzi zenu. Leo nimeona na mimi niweke wangu. Ni wa kweli kabisa. Mama amekaa hapa pembeni anapukuchua mahindi na kila nikitabasamu anauliza naandika nini, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Niko Mtinko, Singida. Shule niliishia form four, matokeo tuyaache huko huko.

Ila ndoto ninazo wakuu, za kugawa. Nikiingia dukani nasimama kwenye shelf nasoma makopo kama wengine wanavyosoma gazeti. Rangi, picha, maandishi. Mwenye duka anaanza kunifuata kwa macho akidhani nataka kuiba.

Sasa nyumbani tuna ng'ombe wachache na mama anatengeneza samli. Kwa wasiojua, maziwa yanaganda kwenye kibuyu, unakitikisa mpaka mikono inakataa, siagi inajitenga, unaichemsha taratibu, hapo ndipo samli inapatikana. Tia kijiko kimoja kwenye uji wa uwele uone kama jirani hatakuja kukusalimia.

Miaka yote mama anauza mnadani kwa ndoo.

Mteja anakuja na chupa yake. Mama anafunua ndoo, mteja anachota kidogo kwa kidole, anapaka nyuma ya kiganja, anasugua, ananusa. Akiridhika anapimiwa. Basi. Hakuna tangazo wala nini, watu wanasema tu "samli ya Mama Salome." Salome ndiye mimi, jina nimebadilisha kidogo, msinitafute.

Mimi nikawa naota kuiona hiyo samli kwenye duka la mjini. Nikamwambia mama tatizo letu ni packaging. Mama akauliza hiyo ni nini. Nikamwambia ni nguo ya bidhaa. Akacheka, akasema, "Haya, ivalishe tuone." Akanipa samli yote ya masika, ile nzuri kuliko zote.

Nikaenda mjini. Nikachukua makopo ya plastiki meupe, mfuniko wa kijani, na karatasi ya silva ya kuziba mdomo. Halafu nikaenda kwa kaka mmoja wa stationery pale Mandewa anayetengeneza lebo. Nikamwambia nataka kitu kinachoongea. Akanitolea lebo ya kijani, ng'ombe kanona kasimama ubavu, maandishi mekundu: ASILI, BORA, SALAMA. Chini akaongeza mwenyewe "weka mbali na jua kali." Nikamuona mtaalamu kweli kweli.

Nyumbani wote tuliipenda. Baba alilishika kopo muda mrefu, akasema hata yeye angelinunua. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Siku ya mnada tukapanga makopo kwenye meza, yakawa yanang'aa. Mteja wa kwanza mzee mfugaji, fimbo begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii ni ya kupe au ya minyoo?"

Nikamwambia ni samli, ni ya kula. Akamtazama ng'ombe wa kwenye kopo, akanitazama mimi.

"Ya kula nani?"

Mama akacheka. Na mimi nikacheka. Baada yake akaja kijana, akauliza ndama anapewa mfuniko mmoja au miwili. Hapo mimi nikaacha kucheka.

Nikainua macho. Upande wa pili wa njia kuna muuza dawa za mifugo, ana bango kubwa. Wakuu, ng'ombe wa kwenye bango ndiye ng'ombe wa kwenye lebo yetu. Sio anafanana. Ni yeye, na lile doa jeupe la kwenye paji la uso.

Nikampigia kaka wa stationery. Akajibu bila wasiwasi wowote, "Huyo alikuwa tayari kwenye kompyuta dada. Si anatoka vizuri?"

Mpaka hapo bado ilikuwa kichekesho. Kilichonikata ni Bibi Mwajuma.

Bibi Mwajuma ni mteja wa mama tangu zamani. Analea mjukuu mchanga, na samli yetu ndiyo anayomtilia kwenye uji. Akafika, akalishika kopo, akataka kunusa, akakuta limezibwa. Akaligeuza geuza. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama hataki kumuaibisha mtu:

"Mama Salome, haya makopo mmeyaosha na nini?"

Mama akamwambia ni mapya, bibi, hayajawahi kuwekwa kitu. Bibi akasema "sawa." Ile sawa ya kumaliza maongezi. Akairudisha chupa yake kwenye kikapu, akaondoka.

Mnada uliofuata mama akaimimina samli kwenye ndoo yake ya zamani, akarudi nayo. Haikusaidia. Maneno yalishatangulia, kwamba Mama Salome siku hizi anatunzia samli kwenye makopo ya dawa ya ng'ombe. Watu walikuwa wanamsalimia vizuri tu, wanapita. Ndoo ikarudi nyumbani kama ilivyoondoka.

Njiani mama hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Samli haiharibiki, itakaa. Mimi nawaza hao watu nitawaangaliaje. Wanadhani naweza kuwalisha watoto wao sumu."

Nilienda nikalia zizini, ng'ombe wakawa wananiangalia tu.

Kesho yake nikajipa moyo nikaenda kwa Bibi Mwajuma. Nikamkuta anapeta uwele. Baada ya shikamoo nikamuuliza moja kwa moja, bibi, kwenye lile kopo uliona nini?

"Mjukuu wangu, mimi sisomi. Naona rangi, naona picha. Nikiona ng'ombe kasimama vile, kama anasubiri sindano, najua kopo hilo ni la zizini, sio la jikoni. Halafu samli yenyewe mmeifungia ndani kama imeiba."

Nikacheka hapo hapo na machozi. Nikamuuliza, sasa wewe unajuaje kama samli ni ya mama?

Wala hakufikiri. "Kibuyu. Kile chenye mshono."

Wakuu, kile kibuyu nimekiona tangu nazaliwa mpaka nikawa sikioni tena. Mama hubebea mtindi mnadani. Zamani kilipasuka, baba akakishona kwa ukanda wa ngozi, mshono umekatiza tumboni kama njia ya siafu. Mnada mzima wanakijua.

Nikakichora kwa mkono wangu. Nikampelekea kaka wa stationery.

"Dada, huu ufa niufute? Brand haiwezi kuwa na kitu kilichopasuka."

"Uache."

"Watu watasema bidhaa inavuja."

"Kaka, uache hivyo hivyo."

Safari hii nikachukua chupa pana zinazoonyesha ndani. Lebo ndogo tu, kibuyu na neno SAMLI, kwingine kote unaona dhahabu yenyewe imetulia. Na moja nikaiacha wazi mezani ya kuonjea.

Mnadani watu walituangalia kwa mbali. Akaja Bibi Mwajuma, mjukuu mgongoni. Akaiinua chupa kwenye jua, akatazama. Kisha akapitisha kidole kwenye ule mshono wa kwenye lebo, mwanzo mpaka mwisho.

"Huyu sasa ndiye Mama Salome," akasema, na safari hii hakushusha sauti.

Akachota ya kuonjea, akapaka nyuma ya kiganja, akanusa. Halafu akarudisha mkono mgongoni, akampaka mjukuu kwenye midomo.

Mama akageuka pembeni akajifanya anatafuta mfuniko. Watu wakaanza kusogea.

Siku hizi kuna duka moja la Mandewa linachukua chupa chache. Hapa kwetu mtoto akitumwa anaambiwa tu, kalete ya kibuyu.

Yale makopo ya lebo ya kijani yalibaki matupu. Baba kabandua sehemu ya maandishi, kamwacha ng'ombe, kayapanga zizini na dawa zake za kupe. Anasema, "Haya yalijua kazi yao tangu mwanzo." Nilishawaambia huyu mzee alisema angelinunua.

Nilichojifunza ni kwamba kopo huwa linaanza kuongea kabla yako, na linaongea lugha ambayo mnunuzi tayari anaijua zizini kwake na jikoni kwake. Kabla ya kumuuliza mwenye kompyuta, muulize mteja wako anakutambua kwa kitu gani. Na mwache aone, anuse.

Wakuu mnaouza vitu, wateja wenu wanawatambua kwa kitu gani? Semeni hapa chini. Na wataalamu wa logo mnaotaka kunishauri niufute ule mshono, karibuni pia, ila mama yuko hapa pembeni.