Likizo kwenye Pwani ya Matope

Safari ya kwenda Guangzhou ilinichosha hadi nikasahau nilikuwa nafuata nini. Ndege kutoka Dar es Salaam hadi Dubai, usingizi wa sakafuni nikiwa nimekumbatia begi, ndege nyingine hadi Hong Kong, kisha treni. Nilikuwa nimeshajaribu maisha Lubumbashi na Durban, na kila mji nilipouzoea tu, miguu ilianza kuwasha. Dirishani mwa treni ile niliona mabwawa ya bata na mashamba ya migomba. Nikajiambia, basi hata huku watu wanakula ndizi, nitaishi.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Tanga niliyesoma naye sekondari. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Sanyuanli, tukawa tunanunua suruali za jinzi kwenye maduka ya jumla ya Liuhua na kuzituma nyumbani. Haikuchukua muda nikagundua kwamba mwenzangu alikuwa na duka moja analolitembelea hata siku ambazo hatuna cha kununua. Muuzaji wa pale alikuwa dada mwembamba, mcheshi, aliyejifunza Kiswahili kwa wateja: rafiki, bei ya mwisho, hakuna, kesho njoo. Kwa maneno hayo, na Kichina cha kuokoteza cha rafiki yangu, wawili wale walikuwa wamefika mbali kuliko nilivyodhani.

Mwaka mpya wa Wachina ulipokaribia, maduka yakaanza kufungwa na watu wakarudi kwao. Dada akamwambia rafiki yangu aende pwani kwao, akaonane na baba yake. Rafiki yangu alitaka kumwoa na kumpeleka Tanga, na yote yalikuwa mkononi mwa mzee huyo.

"Twende wote," akaniambia. "Kwetu mtu haendi kuposa peke yake. Wewe ndiye mshenga wangu."

"Mshenga asiyejua lugha?"

"Utatabasamu, bwana. Meno unayo."

Tulipanda basi lililojaa wafanyakazi wa viwandani waliobeba mablanketi, masanduku na miche ya michungwa kwenye vyungu. Tulifika jioni, mvua ikinyunyiza, kwenye kijiji cha nyumba za matofali ambazo baadhi ya kuta zake zilijengwa kwa maganda ya chaza. Baba yake dada alikuwa mvuvi mwenye boti ya mashine, mtu mfupi, mkimya. Alitutazama viatu kwanza, kisha nyuso. Bibi, mama yake huyo mzee, alipoelezwa kwamba hatuli nguruwe, alisugua sufuria moja kwa majivu na kuitenga kwa ajili yetu, akiwa ananung'unika na kucheka kwa wakati mmoja.

Watu wakiniuliza nimewahi kwenda likizo wapi, huwa nawaambia ni pale. Wanacheka, maana hapakuwa na mchanga wala maji ya buluu. Maji yakitoka, mbele yako kunabaki tope la kijivu hadi macho yanapoishia. Lakini mambo ya kufanya yalikuwa tele. Asubuhi tulikwenda kuchimba kombe, miguu ikiuma kwa baridi, tukilipiga tope kwa kitu mfano wa kijiko kikubwa cha chuma ili zijitokeze. Wenyeji walivuka tope kwa ubao mrefu: unapiga goti moja juu yake, mguu mwingine unasukuma, unateleza kama uko kwenye barafu. Mimi niliweza siku ya pili. Rafiki yangu kila mara ubao ulikwenda zake, yeye akabaki ameketi topeni, na watoto wa kijiji wakawa wanamsubiri ufukweni kama sinema.

Mchana tulipanda kilima chenye mnara mdogo wa taa, tukahesabu visiwa tukabishana kipi ni kisiwa na kipi ni wingu. Jioni tulikaa na wazee waliokuwa wakishona nyavu, tukachoma chaza kwenye makaa mpaka zifunguke zenyewe. Hakuna aliyetuuliza bei ya kitu. Kwa mtu aliyeishi miezi yote kwa kikokotoo cha mkononi, hiyo peke yake ilikuwa likizo.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya walipiga fataki mpaka moshi ukaficha nyumba za jirani. Kulipopambazuka uwanja mzima ulikuwa umejaa vipande vya karatasi nyekundu. Rafiki yangu alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake, na tangu udogoni ndiye aliyekuwa akifagia uwanja wao kabla jua halijachomoza. Mtaa mzima ulimsifu kwa hilo. Mimi nilipoamka, alikuwa ameshamaliza. Karatasi zote amezikusanya na kuzimwaga mtaroni, na amesimama katikati ya uwanja msafi akisubiri kusifiwa na wakwe.

Bibi alitoka, akapiga yowe. Alimnyang'anya ufagio kama anamnyang'anya mtoto kisu.

Dada akatoka mbio na kandambili mguu mmoja. "Rafiki! Leo hakuna fagia! Hakuna!"

"Lakini ni uchafu," rafiki yangu akasema.

"Si uchafu! Bahati ya mwaka! Bahati yote wewe tupa!"

Rafiki yangu akaruka mtaroni. Alizichota zile karatasi kwa viganja, akazirudisha uwanjani zikiwa zimelowa, rangi ikimchuruzika mpaka viwiko. Nikatimiza kazi yangu ya ushenga, nikatabasamu. Bibi alinitazama kwa namna iliyonifanya nifunge mdomo.

Kesho yake, baada ya chakula, baba alizungumza kwa muda mrefu, na dada akatutafsiria kwa Kiswahili chake cha dukani.

"Baba anasema, boti itatoka mara ya kwanza mwaka huu. Bibi anaogopa. Baba anasema, aliyefagia aende na boti. Kurudi nzuri, baba atajibu. Kurudi mbaya, hakuna biashara."

"Mwambie nakwenda," rafiki yangu akasema, ingawa nilimjua vizuri: alikuwa mtu wa Tanga mjini, muuza mitumba, hata kivuko cha Kigamboni kilimtapisha.

Siku waliyotoka kulikuwa na ukungu. Mimi, dada na bibi tulikaa kwenye gati tangu asubuhi. Tulisikia mashine nyingi zikipita bila kuona boti. Bibi aliwasha udi kwenye kopo la mchanga, ukaisha, akawasha mwingine. Dada aliniuliza, "Mama yake, mmoja tu mtoto?" Nikamwambia ndiyo.

Alasiri boti ikatokea. Rafiki yangu alikuwa amejikunja juu ya nyavu, uso umepauka kama unga wa muhogo. Samaki hawakujaza hata ndoo mbili. Lakini yule mzee mkimya alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, akiigiza kwa bibi jinsi mgeni alivyotapika upande wa kulia, akahamia wa kushoto, na bado akavuta kamba bila kuiachia. Bibi akacheka pia. Akamfuta rafiki yangu mdomo kwa upindo wa koti lake.

Kisha baba akasema maneno machache. Dada alichelewa kutafsiri.

"Baba anasema, samaki kidogo, lakini wewe mtu mzuri. Anasema sawa." Akainamisha kichwa. "Lakini anasema, mimi si kwenda mbali. Wewe kaa hapa. Hiyo ndiyo bei ya mwisho."

Rafiki yangu alinitazama, kisha akaitazama bahari ambayo ilikuwa imeanza kurudi nyuma. "Mwambie sawa," akamwambia dada.

Baada ya harusi chumba cha Sanyuanli kikawa kikubwa mno kwangu, na miguu ikaanza kuwasha. Siku niliyoondoka Guangzhou moja kwa moja, walinisindikiza wote wawili mpaka stesheni. Rafiki yangu alinishika mkono nje ya geti la abiria, hakutaka kuuachia.

"Pitia kwa mama," akasema. "Mwambie nimeoa kwa watu wazuri."

"Na akiuliza unarudi lini?"

Akamtazama mkewe aliyekuwa akininunulia machungwa ya njiani. "Akiuliza," akasema, "kaa naye kidogo. Usiondoke haraka kama kawaida yako."

Nilikaa kwa mama yake mpaka mvua za masika zikaisha.