Chekeche la Kikundi

Nilichekecha samadi kwa chekeche la msibani. Naanza na hilo kwa sababu hata nikianza na jingine, mtu yeyote wa mtaa wetu hapa Ilembo atanikatisha: "Acha hayo, tuambie lile la chekeche."

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakitoka asubuhi kwenda kuhangaika mjini, mimi nahangaika kati ya mlango wa mbele na bomba la uani. Mke wangu ana meza ya dagaa sokoni. Mimi nina kuku, ufagio, redio, na cheti cha kidato cha nne kilichoanza kuliwa na mchwa. Kwa hiyo kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilipotafuta nyumba ya kutunzia vyombo, hakikupata shida. "Pale kuna mlinzi asiyetoka hata akifukuzwa," walisema, wakacheka. Masufuria, masinia na chekeche kubwa la unga vikaletwa kwetu, na mke wangu akakabidhiwa ufunguo wa stoo mbele ya wanachama wote. Aliufunga kwenye kamba akauvaa shingoni. Ulikuwa ufunguo wa kufuli la bei rahisi tu, lakini alivyotembea nao ungedhani anafungua benki.

Sasa mimi nikataka kuotesha mboga za chainizi. Jirani yetu wa nyuma, mama wa Kisukuma aliyehamia huku na familia yake na ng'ombe wao, aliniruhusu kuzoa samadi zizini kwake. "Beba tu, shemeji. Ukiimaliza, ng'ombe wataleta nyingine." Redioni nilikuwa nimesikia kwamba udongo wa kitalu lazima uchekechwe uwe laini, mbegu isije ikakwama chini ya bonge. Nikaazima wavu wa fundi wa kuchekechea mchanga, matundu yake yakapitisha mabonge makubwa kama maharage. Hapo ndipo nilipokumbuka stoo.

Nilimwambia mke wangu nataka ufunguo nikafukuze panya. Akanipa.

Siwezi kudanganya, kazi ilikuwa tamu. Udongo mweusi na samadi iliyooza vilishuka kama unga wa sembe, juu vikabaki vijiti, mizizi na vijiwe. Nilichota kiganjani, nikajiona bwana shamba. Nikamaliza kitalu, nikaliosha chekeche kwa sabuni ya unga, nikalianika, nikalirudisha kwenye msumari wake, na ufunguo nikamrudishia mke wangu. Pale waya unapoingia kwenye fremu ya mbao sikuangalia. Kilichojificha humo kilikauka kikatulia, kikangoja.

Haukupita muda mrefu, bibi mmoja wa mtaani akafariki. Akina mama walikuja kuchukua vyombo, na mimi mwenyewe nikawasaidia kubeba. Chekeche nililibeba kichwani.

Msibani nilikaa upande wa wanaume, chini ya turubai, na kikombe cha chai. Watu walikuwa wamekwenda makaburini, sisi tuliobaki tulikuwa wa kulinda viti. Kutoka pale nilikuwa naliona jiko vizuri. Yule mama wa Kisukuma ndiye aliyepewa kuchekecha unga. Alipiga ukingo wa chekeche kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, kisha akasimama. Juu ya unga mweupe kulikuwa na chembe nyeusi na vipande vya majani. Akachukua kidogo kwa vidole, akanusa. Akainua uso akatazama upande wetu wa turubai, kisha akasema bila kupaza sauti, "Hiki ni kinyesi cha ng'ombe."

Mpishi mkuu akauliza, "Vyombo vinakaa kwa nani?"

Wote wakamgeukia mke wangu, aliyekuwa anamenya vitunguu, ule ufunguo ukiwa shingoni.

"Mimi sijaligusa," alisema. "Nilikuwa nimelifungia."

"Basi limejinyea lenyewe," mpishi akasema.

"Nyie, mwacheni, kwake huenda ndio viungo," mwingine akadakia.

Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa kanga. Mke wangu akainama akaendelea kumenya. Mzee aliyekaa karibu nami akatikisa kichwa akasema, "Wanawake hawa wana mambo." Nikamjibu, "Eeh."

Hilo ndilo neno pekee nililolitoa pale msibani.

Unga ule wakamwagiwa kuku. Ikabidi gunia jingine liletwe, na waliotoka kuzika wakakaa wakingojea ugali. Tuliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu kila kitu, hadi la panya. Aliniambia nisimwongeleshe. Kesho yake alivua ufunguo, akaupeleka mwenyewe kwa mwenyekiti kabla hajaombwa. Vyombo nilivisukuma mimi kwa mkokoteni hadi nyumba nyingine, watoto wa mtaa wakinisindikiza.

Kwenye kikao kilichofuata nilisimama nikasema ni mimi. Wakacheka hadi kufuta machozi, mmoja akanipa mkono. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeumia kuliko nilivyokwenda. Ufunguo haukurudi, na hadi leo mke wangu akienda sokoni anazunguka njia ya nyuma, asipite mbele ya yule mpishi.

Chainizi yenyewe haikuona aibu. Iliota majani mapana hadi wapita njia wakawa wanauliza mbolea. Fungu la kwanza nililifunga kwa kamba ya mgomba nikampelekea mama wa Kisukuma, nikiwa nimejiandalia maneno ya kumshukuru kwa samadi. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akalinusa. Maneno yangu sikuyatumia, kwa sababu yeye aliwahi:

"Mboga nitakula, shemeji, samadi si ya kwangu? Ila siku ile nilikuangalia kwanza, nikangoja usimame. Ukanywa chai."