Mawe ya Binti wa Mzee

Mwalimu mmoja wa kike hapa Tabaka aliomba chumba cha kanisa, awe akikutana na wasichana kusoma kila Jumatano. Nilikuwepo wakati mzee wa kanisa alipomjibu.

“Kwani uhuru umefika mpaka kwa wasichana? Mawe yetu atasugua nani?”

Maana kwetu wanaume huchonga mawe laini ya sabuni, na wasichana husugua vinyago kwa msasa na maji mpaka ving'ae.

“Waje nayo,” mwalimu akasema.

Wakaja, makarai ya mawe kichwani. Walisugua huku wakisoma kwa zamu, kitabu kikipita juu ya maji bila kulowa. Mzee akaingia, mikono mgongoni. Akaokota tembo wa jiwe, akampitisha shavuni akitafuta mkwaruzo. Hakuupata. Akamrudisha polepole, akatoka.

Jumatano hii alirudi na binti yake, binti mikono mitupu. Mwalimu akauliza mawe ya msichana yako wapi.

“Nyumbani,” mzee akasema, akitazama viatu vyake. “Nitasugua mwenyewe.”

Jana nilipita kwake makusudi. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kachuchumaa mbele ya karai, anasugua. Hajui kusugua hata kidogo, na katika mvi zangu zote sijaona jambo kubwa kama hilo.